Mafunzo Yanayoanza Semina Ikiisha

Kufikia Julai 2004, watu 317 walikuwa wameorodheshwa kuugua kutokana na sumukuvu ya mahindi mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Makueni na Kitui ndizo wilaya zilizoumia zaidi. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano na matumbo yamejaa maji, maini yao yakiwa yameharibiwa na sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Wachunguzi waliporudi vijijini kuwauliza waliougua na majirani zao walionusurika, tofauti ilijitokeza katika jambo la kawaida kabisa. Waliougua walikuwa wamekula mahindi ya shambani mwao wenyewe, na mara nyingi walikuwa wameyahifadhi yangali na unyevu, tena ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani.

Elimu ya kuzuia vifo hivyo haikuwa mpya. Mwaka 1981 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo iliijumuisha Makueni, ilikuwa imeshapoteza watu kwa sumu hiyohiyo. Wataalamu walijua. Walichokosa ni mtu wa kuingia nyumbani msimu wa mavuno, akaliona gunia limeegemezwa ukutani, akatia mkono ndani na kusema: mama, mahindi haya hayajakauka, tuyatoe juani. Daktari hawezi kuliona gunia hilo kutoka wodini, na tangazo la redio haliwezi kutia mkono ndani yake. Mwenye kuweza ni jirani aliyefunzwa.

Jirani huyo leo ana cheo, mhamasishaji wa afya ya jamii, na ana sare, begi na simu. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchi nzima. Mwezi uliofuata alitia saini Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, ambayo inawatambua rasmi. Kila mmoja huhudumia takribani nyumba 100. Marupurupu yao yaliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni hatua kubwa, na nasema hivyo bila kusitasita, kwa sababu kwa miaka mingi watu hawa, wengi wao wakiwa wanawake, walifanya kazi kwa ahsante na fulana. Lakini begi na sare havimfanyi mtu kuwa mhudumu. Swali linalonishughulisha ni namna anavyofunzwa, na hasa yanayompata baada ya cheti cha semina kukunjwa na kuwekwa kabatini.

Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Makueni na Kitui zimo, haikuanza kumtegemea jirani juzi. Kabla ya serikali kuandika sera ya afya ya jamii, kulikuwa na mwethya, vikundi vya majirani vilivyolima kwa zamu, vikachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga. Mtu aliyezoea mwethya anaelewa kwamba shida ya boma moja ni kazi ya kijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati dunia ilikuwa ikijiandaa kwa mkutano wa Alma-Ata wa 1978 uliotangaza afya ya msingi kwa wote, shirika la AMREF lilianzisha mradi wake wa afya vijijini kule Kibwezi, ambako leo ni Makueni. Lilianza kuwafunza wanavijiji waliochaguliwa na wenzao kutembelea nyumba, kufundisha usafi wa maji, kutibu maradhi madogo na kuwapeleka wagonjwa wakubwa kwenye kituo cha afya. Kibwezi wakati huo palikuwa mahali pa watu waliohamia kutafuta ardhi, barabara kuu ya Mombasa ikipita katikati na vijiji vikitawanyika pande zote kuelekea mbugani. Waliobuni mradi walielewa kwamba kituo kimoja cha afya, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kufika huko. Mtu ndiye angefika.

Baadaye yakaja mengi: kampeni za chanjo, janga la ukimwi na mashirika yake, kila shirika likiwa na mafunzo yake, madaftari yake na fulana za rangi yake. Mama mmoja angeweza kufunzwa na mradi huu kuhusu uzazi, na ule kuhusu kifua kikuu, na wa tatu kuhusu mayatima, na miradi yote mitatu ikaondoka pale fedha zilipokwisha. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilitoa mkakati wa afya ya jamii uliojaribu kuleta utaratibu mmoja: kitengo cha jamii cha watu kama 5,000, wahudumu wake, na afisa wa serikali wa kuwasimamia. Ugatuzi ulipoanza 2013, kazi hiyo ikawa ya kaunti. Ndiyo maana leo mhamasishaji wa Mbooni, Makueni, na mwenzake wa Mutomo, Kitui, wanafuata mtaala mmoja wa taifa, ilhali bajeti ya kuwaendeleza inategemea kaunti mbili tofauti.

Mtaala wenyewe si mbaya. Mafunzo ya msingi yalipangwa kuwa ya siku kama 10, yakiwa na moduli 6: afya na maendeleo ya jamii, uongozi, mawasiliano na uhamasishaji, kinga dhidi ya maradhi, huduma ya kwanza, na utunzaji wa takwimu. Juu yake kuna moduli za kitaalamu zaidi kuhusu maji na usafi, lishe, magonjwa ya watoto, uzazi wa mpango, afya ya mama na mtoto, magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, pamoja na ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mtu huchaguliwa barazani na watu wa kijiji chake. Ni lazima ajue kusoma na kuandika, na awe mkazi anayeaminika. Hukaa ukumbini, mara nyingi wa kanisa au wa zahanati, na mwisho hurudi nyumbani na daftari la kaya, daftari la huduma na kitabu cha fomu za rufaa.

Sasa tuchukue somo moja tu kati ya hayo na kulitazama kwa karibu. Mhamasishaji hufundishwa kutambua nimonia kwa kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka na mtoto anahitaji matibabu. Kuhesabu ni kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Ukumbini, kwa video au mtoto mmoja aliyeletwa na mama yake, kila mtu anaelewa. Kisha siku ya tatu baada ya semina mhamasishaji yuko katika nyumba yenye giza pembezoni mwa Kyuso, Kitui, mtoto analia, bibi anasema mtoto amerogwa, mama anataka jibu haraka kwa sababu ana maji ya kwenda kuteka kabla jua halijapanda. Je, ahesabu mtoto akilia? Asubiri anyonyeshwe? Afunue kifua mbele ya wageni? Akihesabu 47 kisha 52, achukue ipi? Hakuna mkufunzi anayeweza kuyamaliza maswali haya ukumbini, kwa kuwa maswali yenyewe bado hayajazaliwa. Huzaliwa nyumbani kwa mgonjwa, na yasipojibiwa na mtu anayejua, mhamasishaji hujijibu mwenyewe. Baada ya miezi sita, jibu alilojipa limekuwa mazoea.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mafunzo halisi ya kazi hii ni usimamizi. Siku 10 za ukumbini humpa mtu ruhusa ya kuanza kujifunza. Kinachomkuza ni kuwa na mtu wa kumrudia: afisa wa afya ya jamii anayefika kijijini, anayeingia naye nyumba mbili tatu, anayehesabu pumzi pamoja naye na kumwambia hapa umeharakisha, hapa umefanya vizuri. Asiyepata mtu huyo hubaki na yale aliyoyakumbuka kutoka ukumbini, na kumbukumbu huchakaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni karatasi. Mhamasishaji anapomkuta mgonjwa wa kupeleka zahanati, hujaza fomu ya rufaa, ile ya namba MOH 100. Fomu hiyo ina sehemu ya kujazwa na aliyempokea mgonjwa, ili irudi kijijini ikiwa na jibu: tumemwona, ana hiki, tumempa hiki, mfuatilie hivi. Mimi naiona sehemu hiyo kuwa shule nzima. Mhamasishaji aliyemtuma mtoto akidhani ni nimonia, akapata jibu kwamba ilikuwa malaria, amefundishwa somo ambalo hatalisahau kwa sababu anamjua mtoto huyo kwa jina na atampita kesho njiani. Jibu lisiporudi, amefanya kazi ya tarishi. Wauguzi wa zahanati nao wana foleni, mara nyingi ni mmoja au wawili kwa kituo kizima, na kujaza nusu ya pili ya karatasi ni dakika wanazoziona hazipo. Siwalaumu. Ila kila fomu isiyorudi ni somo lililopangwa na kulipiwa, kisha likaachwa.

Simu zilizogawiwa 2023, zenye mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii, zinaweza kusaidia hapa. Mfumo humwongoza mhamasishaji swali kwa swali, na taarifa zake humfikia msimamizi bila kusubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Hilo ni jema. Hofu yangu ni kuwa simu huonyesha kwamba nyumba imetembelewa na maswali yamejibiwa. Haionyeshi kama mama alijibu huku mume akiwa amesimama mlangoni. Msimamizi mzuri huona orodha kwenye simu kisha akafunga safari kwenda palipo na shaka. Akibaki na orodha tu, kijiji kimekuwa namba.

Na safari zenyewe si sawa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Tofauti ya watu si kubwa, lakini Kitui ina wastani wa watu 37 kwa kilomita ya mraba na Makueni 121. Ukipiga hesabu ya nyumba 100, mhamasishaji wa Makueni, kwa wastani, anazikuta ndani ya eneo la kilomita za mraba tatu na ushei, na wa Kitui ndani ya kilomita za mraba kama 11. Sehemu ya kusini mwa Kitui ni mbuga na hifadhi isiyo na wakazi, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo anayetembea Tseikuru au Ikutha kutoka boma hadi boma hahitaji kuonyeshwa takwimu. Shilingi 5,000 ni zilezile. Nauli ya bodaboda haikujumuishwa, na mito ya msimu kama Tiva ikifurika mvua za Novemba, hata bodaboda haivuki.

Mahali panaamua pia nini kifunzwe. Kaskazini mwa Kitui kuna kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchanga wanaojificha kwenye vichuguu vya mchwa. Miaka ya 1950 ulizuka Kitui kwa kishindo, na watafiti wa wakati huo waliufuata usubi hadi kwenye vichuguu vilivyo karibu na nyumba, mahali ambapo watu hukaa kupumzika jioni. Mhamasishaji wa huko anapaswa kushuku homa isiyoisha yenye bandama iliyovimba, na kujua hospitali gani inatibu. Mwenzake wa vilima vya Kilungu, Makueni, huenda asimwone mgonjwa wa aina hiyo maisha yake yote. Kitui pia ni nchi ya nyoka, na wa kwanza kuitwa mtu akiumwa si daktari. Ni lazima ajue kwamba hakuna kufunga kamba kwa nguvu, hakuna kukata wala kunyonya jeraha: mgonjwa atulizwe, kiungo kisisogezwe, apelekwe haraka. Mtaala wa taifa hauwezi kubeba kila kichuguu na kila nyoka. Msimamizi wa eneo anaweza, ikiwa amepewa nafasi ya kuongeza somo la mahali pake badala ya kusoma kitabu neno kwa neno.

Makueni nayo imelipa taifa somo ambalo sidhani limesikika vya kutosha. Taasisi ya Africa Mental Health Foundation, iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, iliichagua kaunti hiyo kujaribu jambo gumu: kuwafunza watu wasio wataalamu wa akili kutambua sonona, kifafa, ulevi na maradhi mengine ya akili, kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa. Walifunzwa wauguzi na maafisa wa kliniki, walifunzwa wahudumu wa afya ya jamii, na walifunzwa pia waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa.

Hao wa mwisho ndio wanaostahili kutafakariwa. Mtu mwenye sonona Ukambani mara nyingi haanzii hospitalini. Huanzia kwa mchungaji au kwa mganga, kwa sababu huko huulizwa habari za nyumba yake, mke wake, marehemu wake na deni lake, wakati zahanati humuuliza kichwa kinauma tangu lini. Watafiti, miongoni mwao Dkt. Christine Musyimi, waliwaketisha pamoja wauguzi, waganga na waombezi, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakidharauliana, wakazungumza juu ya namna ya kupelekeana wagonjwa. Utafiti ulionyesha kwamba waganga wa kienyeji waliofunzwa kutoa msaada wa kisaikolojia waliweza kuwasaidia wagonjwa wao wa sonona, na dalili zao zikapungua.

Nakubali kwamba wapo wasomaji watakaokunja uso hapa, na nina sababu zangu za kuwaelewa. Kuna waganga wanaowafunga wagonjwa kwa minyororo na kuna waombezi wanaowaambia watu waache dawa za kifafa. Lakini kumfukuza mganga kwenye mafunzo hakuwaondoi wagonjwa uani kwake. Huwaacha pale bila mtu wa kumwambia mganga ni lini dalili zimemzidi uwezo. Mafunzo ya Makueni yalimpa mganga mipaka na njia ya rufaa, na yakampa muuguzi sababu ya kuipokea rufaa hiyo bila kejeli. Mafunzo ya namna hii huenda pande mbili: anayefunza naye hutoka amejua kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chake.

Zimbabwe walifika mahali pa karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2006, mtaani Mbare jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na wanawake wazee wa mtaa, akawafundisha kuketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulipanga tatizo lake moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu hupenda kusimulia habari za benchi na mabibi. Wachache husimulia kwamba mabibi hao hawakuachwa peke yao, walikuwa na wasimamizi wa kuwaeleza kesi zilizowashinda. Ukichukua benchi ukaacha usimamizi, umechukua fanicha.

Kazi ya kusikiliza ina hatari ambayo kazi ya kupima shinikizo haina. Hadi hivi karibuni, mhamasishaji aliyemkuta kijana aliyejaribu kujitoa uhai alikuwa amekuta pia, kisheria, mshukiwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Familia zilijua, na zilificha: sumu ya mimea ikawa dawa ya kikohozi iliyonywewa kimakosa. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hili ni badiliko linalopaswa kufika kwenye kila kitengo cha jamii cha Kitui na Makueni, likielezwa kwa Kikamba, na mtu anayeweza kujibu maswali, kwa sababu mhamasishaji aliyefunzwa 2023 alifunzwa chini ya sheria nyingine. Mama anayeficha chupa chini ya kitanda kwa kuogopa polisi anahitaji kuambiwa na jirani yake kwamba mwanawe atapelekwa hospitalini bila kupitia kituo cha polisi.

Na jirani huyo anahitaji kufunzwa kutunza siri kwa namna ambayo daktari hahitaji. Daktari hurudi Nairobi au hukaa katika nyumba za serikali. Mhamasishaji anasali kanisa moja na mgonjwa, wako chama kimoja, watoto wao wako darasa moja, na pengine shemeji yake ndiye anayemdai mgonjwa pesa. Kuambiwa ukumbini kwamba siri ni siri hakutoshi. Anahitaji kuzoezwa la kusema mama mkwe anapomuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini siku hizi anapita sana kwa fulani. Anahitaji kujibu kwa heshima bila kusema uongo na bila kumwaga habari. Hili hufunzwa kwa kuigiza, kwa kurudia, na kwa kukaa na wenzake kila mwezi kusimulia yaliyomkwaza bila kutaja majina. Kikao hicho cha mwezi kimeandikwa kwenye miongozo. Pale ambapo afisa hafiki, kinakuwa kikao cha kukusanya ripoti.

Labda hapa ndipo niguse suala la kazi kama kazi, kwa sababu vijana wengi wa miji ya Wote, Mwingi na Mutomo huuliza swali la haki kabisa: nikijitolea miaka mitano, nitakuwa nani? Jirani zetu wamejibu kwa namna zao. Ethiopia, kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, iliwafunza kwa mwaka mmoja wasichana waliosoma hadi sekondari, ikawaajiri kwa mshahara wa serikali, wawili kwa kila kata ndogo, hadi wakapita 30,000. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye mafunzo ya miezi 6, darasani na kwa vitendo. Kenya ilichagua watu wengi zaidi, siku chache zaidi za mafunzo na marupurupu badala ya mshahara. Uchaguzi huo una sababu zake: nyumba nyingi hufikiwa kwa mara moja, na mhudumu hubaki mwanakijiji badala ya kugeuka mtu wa ofisi. Lakini hauna ngazi. Juu ya mhamasishaji yuko afisa msaidizi wa afya ya jamii, na kumfikia huyo kunahitaji cheti au diploma ya chuo cha mafunzo ya tiba kama KMTC. Chuo hicho kina kampasi Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu. Umbali si kikwazo. Vikwazo ni karo na alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Mwanamke wa miaka 42 aliyetembelea nyumba 100 kwa miaka minane, anayejua kila mjamzito na kila mgonjwa wa kifafa wa kijiji chake, haingii chuoni kwa alama alizopata akiwa na miaka 18. Kijana aliyemaliza shule mwaka jana anaingia, anahitimu, na anatumwa kumsimamia. Sina neno na kijana huyo, tunamhitaji. Ila nchi ambayo tayari ina mamlaka ya kutambua sifa za kitaaluma, na yenye utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, haina udhuru wa kuutumia kwa mafundi seremala na makanika na kuwaacha wanawake hawa. Wapimwe. Watakaofaulu wapewe cheti kinachofungua mlango wa chuo, hata kama ni kwa muhula mfupi wa kuziba mapengo.

Wapo watakaosema fedha hazipo, na hawasemi uongo. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za kijamii zilizotegemea USAID nchini zilitikisika ndani ya wiki chache, hasa za ukimwi. Somo nililolichukua hapo ni kwamba semina ndiyo sehemu ambayo wafadhili huipenda zaidi: ina tarehe, ina picha, ina idadi ya waliohitimu. Usimamizi hauna picha. Ni petroli ya pikipiki ya afisa, ni mshahara wake wa kila mwezi, ni kitabu cha fomu kinachochapishwa kwa wakati. Gharama za namna hiyo ni lazima zitoke kwenye mfuko wa kaunti wenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekaa hapa miaka 20.

Makueni iliwahi kuonyesha kwamba kaunti inaweza kuamua mambo ya aina hii. Tangu 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa bila malipo zaidi katika hospitali za kaunti. Mpango huo ulimrahisishia mhudumu wa kijijini kazi, kwani rufaa yake haikuwa tena karatasi ya kumpeleka mtu kwenye deni. Leo, chini ya bima mpya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, wahamasishaji walewale ndio waliotumwa nyumba kwa nyumba kusajili watu. Ni kazi halali, lakini kila saa inayokwenda kwenye usajili imetolewa kwenye saa za kupima watoto na kusikiliza, na sijaona hesabu ya kazi yao inayozingatia hilo.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya Julai kila mwaka, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Makueni imejulikana nchini kwa vikao vyake vinavyoanzia vijijini na kupanda hadi kaunti, na Kitui nayo huita watu. Katika vikao hivyo watu huomba bwawa, barabara, bweni, na wana haki. Ningependa safari hii mtu ainuke na kumuuliza afisa wa afya aliye mezani: robo ya mwaka iliyopita, wahamasishaji wa kata hii walitembelewa na msimamizi mara ngapi, na katika fomu za rufaa walizotuma, ngapi zilirudi zikiwa na jibu? Kama takwimu hizo hazipo mezani, basi mstari wa kwanza wa bajeti ya mafunzo uwe wa kuzipata, kabla ya ukumbi mwingine kukodishwa.